Wakala kanipiga Cozumel: mimi nimezamia, shemeji yenu kageuzwa mzigo wa boti

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "tukatembee wapi", huu una hasira zake peke yake.

Kwanza niweke neno sawa, maana nikisema nilienda kuzamia Cozumel, kisiwa cha Meksiko kule Karibi, kuna watu wataanza kunichangia nauli ya kurudi. Sijazamia meli. Karatasi zangu zipo, Houston naishi mwaka wa tisa sasa. Kuzamia ninakosema ni kule kwa mtungi mgongoni na mapezi miguuni, nilikojifunza Nungwi enzi zile niko mapokezi hotelini na kwenda Mnemba na wageni ikawa ndiyo starehe yangu ya siku ya mapumziko.

Shemeji yenu yeye hazamii. Ni mtu wa Marangu, maji aliyokulia ni ya mfongo, yaani mfereji, uliopita pembeni ya kihamba cha babu yake. Kuogelea hajui, halafu ana pumu. Lakini kusafiri anapenda kuliko mimi, na miaka yote hii nilikuwa namwahidi: "Tutaenda Karibi, wewe utapumzika, mimi nitazama, jioni tunakula samaki." Mwaka huu tukapata siku nne, Alhamisi hadi Jumatatu, watoto wakabaki na shangazi yao.

Sasa nikafanya kosa la kumpa kazi wakala wa safari. Jina nalihifadhi, msiniulize PM. Ofisi yake inajitangaza kuwa ni ya wazamiaji, kuta zote picha za matumbawe. Nilimwambia mambo matatu, tena kwa kurudia: tuna siku nne tu, mimi nazamia, mke wangu hazamii wala haogelei. Akasema "hakuna shida, tunacho kifurushi cha wawili." Dola 2,900. Nikalipa.

Vocha ilipokuja kwenye barua pepe ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili. Jina langu limeandikwa kamili hadi la babu, namba ya cheti cha kuzamia, saizi ya mapezi, uzito wangu. La mke wangu? Limeandikwa "mwenza 1". Basi. Hana jina, hana saizi, hana chochote. Tulicheka. Akawa anajiita Mwenza Moja jikoni, "Mwenza Moja anauliza chai ina sukari?" Hatukujua tunacheka msiba wetu.

Hoteli kwanza. Wametuweka kusini ya kisiwa, huko karibu na Palancar. Kwa mzamiaji ni pepo, unapanda boti kwenye gati la hoteli na dakika chache uko kwenye mwamba. Kwa asiyezamia ni kifungo cha nyumbani. Mji wenyewe, San Miguel, uko mbali kaskazini, huwezi kwenda kwa miguu, kila ukitaka kutoka ni teksi, na teksi za pale bei ni ya kupangiwa, hakuna cha kupatana kama bodaboda. Nje ya geti ni barabara na kichaka. Nilivyouliza baadaye kwa nini hawakutuweka mjini, jibu lilikuwa "huku ni karibu na sehemu za kuzamia." Karibu kwa nani?

Ijumaa ndiyo siku ninayotaka muisome polepole.

Kifurushi kilisema mwenza anapanda boti bure. Asubuhi saa mbili kasoro tuko gatini, tunaambiwa siyo bure, ni dola 55 ya kiti, na ada ya hifadhi ya bahari kila mtu ajilipie. Ada sina ugomvi nayo, mwamba ule ni hifadhi ya taifa tangu 1996, na mtu ukiuona utalipa bila kunung'unika. Ila hizo 55! Nikatoa, nikasema ngoja asibaki peke yake.

Kumbukeni mimi kichwani nina Mnemba. Mnemba boti inafungwa kwenye boya, wazamiaji mnashuka, wasiozamia wanavaa miwani na kuelea hapohapo na jaketi la kuokolea, wengine wanakaa kwenye kivuli wanakula nanasi, wote mnakutana. Nikadhani bahari ni bahari. Cozumel hawazamii hivyo. Pale ni mkondo. Boti inawaangusha sehemu moja, mkondo unawabeba kama mko kwenye basi lisilo na dereva, mnaibuka mbali kabisa na mliposhukia, na nahodha muda wote anafuata mapovu yenu. Kwa hiyo boti haifungwi popote. Haitii nanga. Aliyebaki juu hawezi kushuka majini hata kama anajua kuogelea, kwa sababu chini ni ukuta wa mwamba unaoshuka kina kirefu na mkondo utamchukua kivyake. Kazi yake ni kukaa kwenye fiberi na kuyumba. Dakika hamsini. Halafu saa nzima ya kupumzika ili nitrojeni, ile gesi inayoingia mwilini na hewa ya mtungi, ipungue. Halafu dakika hamsini nyingine.

Hili jambo kila mtu anayeuza safari za Cozumel analijua. Halihitaji digrii. Wakala analijua. Hakusema.

Mimi chini nimeona mambo, siwezi kudanganya. Ukuta wa Santa Rosa unaning'inia buluu hadi macho yanachoka. Kiongozi wetu akanionyesha chini ya jiwe samaki chura wa Cozumel, kichwa bapa chenye michirizi na mapezi yamepakwa njano pembeni kama amevaa kitenge cha sherehe, yule anayejulikana karibu kisiwa hicho tu. Samaki taa mmoja mwenye madoa akapita juu yetu bila haraka. Naibuka nina furaha, natema mrija, napiga kelele, "Mama Neema! Nimeona taa mkubwa kama mlango!"

Mama Neema amekumbatia ndoo. Ile ndoo ya kusuuzia miwani ya watu. Kitambaa alichofunga kichwani kimelowa, jicho moja limefumba. Nahodha, mzee mpole kweli, amemshika bega anamwonyesha upeo wa macho kwa kidole ili kichefuchefu kipungue. Akanitazama. Hakusema kitu. Wenye ndoa mnaijua ile kimya.

Na bado kulikuwa na mtungi wa pili.

Jumamosi bandari ikafungwa. Hii nayo ya kujua: miezi ya baridi kule kunapiga upepo wa kaskazini, wenyewe wanauita "norte". Siku za kawaida upepo unatoka mashariki, kwa hiyo magharibi ya kisiwa, waliko wazamiaji, panatulia kwa sababu kisiwa kinakinga. Norte ikija inapiga huko huko. Ofisi ya bandari inazuia boti ndogo kutoka, na hapo hata uwe nani huzamii. Ni kitu cha kila mwaka. Mtu anayekuuzia siku tatu za kuzamia Januari anatakiwa akuambie: weka mpango wa akiba, na soma masharti ya kurudishiwa hela. Masharti ya kwetu niliyakuta mwishoni kwa herufi za sisimizi. Hali ya hewa, hawarudishi.

Sasa cha kuudhi kuliko vyote ni kwamba hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Tulikodi kigari, tukazunguka kisiwa. Tukaenda San Gervasio, magofu ya Wamaya katikati ya msitu. Mijusi mikubwa kama kenge imejianika juu ya mawe, mmoja akamkimbiza Mama Neema hadi kwenye maelezo ya ukutani, na ndipo akasoma. Kumbe pale alikuwa anaabudiwa Ix Chel, mungu mke wa Wamaya, na wanawake walikuwa wanavuka na mitumbwi kutoka bara kuja kumwomba uzazi. Akasoma mara mbili. Akasema, "Yaani wanawake walikuwa wanakuja hapa kwa shughuli zao wenyewe. Hawasindikizi mzamiaji." Nikanyamaza, mtu mzima hukimbilia kunyamaza.

Mchana tukala upande wa mashariki, mawimbi yanapasuka hatua chache kutoka mezani, bendera nyekundu, hakuna anayeoga. Alifurahi. Hajagusa maji na alifurahi. Siku hiyo haikuwemo kwenye kifurushi. Tumeilipia juu, huku siku ya kifurushi imekwenda na upepo.

Jumapili bandari ikafunguliwa. Kifurushi kinasema mwenza ana zawadi: somo la kujaribu kuzamia, bwawani. Nani aliomba? Mtu nimesema haogelei! Lakini akasema ngoja ajaribu, asije akaonekana ndiye mkorofi. Akapewa fomu ya afya. Pumu: ndiyo au hapana. Akaweka ndiyo, kwa sababu ni mkweli. Mkufunzi akaiona, akasema bila barua ya daktari hawezi kumgusisha mtungi. Na mkufunzi yuko sahihi, nampa heshima zake, pumu na hewa ya shinikizo si mchezo. Mwenye makosa ni aliyeuza somo bila kuuliza swali moja. Dola 120 zile za hiyo "zawadi", hazirudi, eti "mteja hakukidhi vigezo." Vigezo vya kitu ambacho hakukiomba!

Halafu hii, na hapa ndipo hasira yangu inageuka kuwa woga. Ratiba ya Jumapili: mitungi miwili asubuhi, mmoja mchana, nimalize saa kumi jioni. Ndege Jumatatu saa moja asubuhi. Hesabuni. Saa 15. DAN, wale wa usalama wa wazamiaji, wanashauri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau 18 ukiwa umezama mara nyingi au siku kadhaa. Wengi tunaweka 24 ili tulale. Sababu yake ni kwamba ndani ya ndege hewa inaweza kuwa nyepesi kama ya mita 2,400 hivi juu ya bahari, yaani si mbali na kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Unapandishwa mlima umekaa kwenye kiti, na nitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Mtu anayejiita wakala wa wazamiaji ameniandikia hiyo ratiba na kuipigia muhuri. Kiongozi wa boti ndiye aliyeniuliza, "Unaruka lini?" Nilipomwambia akatikisa kichwa. Mzamo wa mchana nikauacha. Haukurudishwa hela, bila shaka.

Ila jioni ile ndiyo nikajua tulichonyimwa. Nahodha yule mzee anamuuliza mke wangu, "El Cielo ulikwenda?" Wapi? Kumbe kuna mahali hukohuko kusini, pua na mdomo na hoteli yetu, fungu la mchanga ambapo maji ni ya kiunoni na kifuani, meupe kama ya bomba, na nyota wa baharini wamelala chini. Unasimama tu na jaketi lako, unawatazama, huruhusiwi kuwanyanyua. Kwa asiyejua kuogelea pale ndiyo Karibi yenyewe. Boti zinakwenda bahari ikitulia. Siku nne tumekaa jirani, hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mwenza 1 haulizwi.

Tulimalizia kwenye uwanja wa katikati ya mji wa San Miguel, Jumapili usiku, meli za watalii zimeshaondoka, wenyeji wametoka na watoto, muziki unapigwa. Tungekuwa na hoteli hapo mjini tungefika kwa miguu kila siku.

Na msije na "Karibi ndivyo ilivyo". Tangu nirudi nimekesha nauliza watu. Bonaire unakodi pikapu, mitungi nyuma, unafuata mawe ya njano barabarani yaliyoandikwa jina la kila sehemu, unaingia majini kwa miguu kutoka ufukweni. Unazama saa mnayotaka nyinyi, siyo saa ya boti, na mwenzio ana funguo za gari. Akitaka anakwenda Lac Bay, maji ya kiunoni sehemu kubwa. Kodi ya kuingia dola 75 kwa kichwa inauma, sawa. Grand Cayman kuna fungu la mchanga unasimama katikati ya taa wanakupapasa miguu, bei zake ndiyo usiseme. Kwa hiyo vitu vipo. Hata Cozumel vipo, nimewaonyesha. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mwanamke mmoja anapenda nini.

Mnaotaka kuniambia "ungepanga mwenyewe mkuu", nimeshaambiwa nyumbani, tena kwa sauti.

NYONGEZA (saa tano usiku): Nilimwandikia wakala malalamiko yote haya WhatsApp, kwa adabu. Leo kajibu. Hakugusa hata moja. Katuma tangazo: "Bonaire siku tano kwa wawili, mwenza BURE." Nikamuuliza swali moja tu, huyo mwenza wangu anaitwa nani?

Tiki mbili za bluu mpaka sasa.