Likizo ipo kwenye mkataba, ukitaka kusafiri haipo. Maofisi yaache huu mchezo!

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia.

Hivi nani aliwaambia mabosi kwamba likizo ya mwaka ni hisani yao? Unasaini mkataba siku zako zimeandikwa kabisa, unapiga kazi mwaka mzima, siku ukiomba kusafiri meneja anakuangalia kama umemuomba figo. "Subiri kwanza tumalize ripoti." Ripoti ikiisha kuna ukaguzi, ukaguzi ukiisha kuna bajeti, bajeti ikiisha mwenzako kaacha kazi na wewe ndo unashika nafasi yake, mara mwaka umekata, siku zako zinafutwa kwenye mfumo na hakuna anayekuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kukubaliwa dakika za mwisho. Safari sio kubeba begi na kutoka jamani! Anayehitaji viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, anajua, maombi yanaanza kupokelewa miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, na kwenye makaratasi wanataka barua ya mwajiri kwamba umepewa ruhusa toka tarehe fulani mpaka fulani na kazini utarudi. Sasa hiyo barua naitoa wapi wakati meneja kasema atanijibu wiki yenyewe ya kusafiri? Akija kusaini muda wa viza umepita, tiketi zimepanda, unabaki nyumbani unaangalia ukuta, halafu huyo huyo anakuja kusema "si tulikupa likizo, mbona hukwenda".

Na sio kwamba haya mambo hayajulikani. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linataja likizo yenye malipo kama haki ya kila mtu. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wake namba 132 wa 1970, unasema likizo isipungue wiki 3 za kazi kwa mwaka, sikukuu zisihesabiwe humo, ikigawanywa basi kipande kimoja kiwe angalau wiki 2 mfululizo labda mkubaliane vingine, na kumfanya mtu aache hicho kiwango cha chini ili alipwe hela ni batili. Ni kweli nchi nyingi hazijauridhia, na Marekani mpaka leo hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, lakini angalau tujue kipimo kipo na tusidanganywe kwamba tunadeka.

Halafu nyie washauri wa "unganisha sikukuu na wikendi" mnanichosha kweli. Siku hizo kila mtu anasafiri, nauli juu, vyumba vimejaa, na ukienda mbali kule masaa yamegeuka mwili unaanza kuzoea ndo siku ya kurudi imefika. Kuna na hii ya "nenda ila beba laptopu". Hiyo sio likizo, hiyo ni kufanya kazi ukiwa hotelini kwa gharama zako mwenyewe na bado siku zinakatwa!

Ninachotaka ni kitu kidogo tu, kalenda ya likizo ijazwe mwanzo wa mwaka, ukiomba ujibiwe kwa maandishi mapema, wakikukataa waandike sababu na tarehe nyingine ambayo hawataigusa tena. Hawataki kuandika kwa sababu wakishaandika watabanwa.

Kama kuna mtu ofisini kwake hili limewezekana naomba aseme walianzia wapi, kwa HR, kwa chama cha wafanyakazi, au mlikaa kikao mkagoma wote? Na wale wa "shukuru hata kazi unayo", huu uzi sio wenu, piteni.