Naomba ushauri: nawafundishaje watoto wa shule ya msingi kuazima vitabu na kuvirudisha?

Mwalimu wa Rungwe:
Habari za jioni wanajukwaa. Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi wilayani Rungwe, na mwaka huu nimekabidhiwa pia maktaba ya shule. Vitabu vya kuanzia tunavyo, vingi vikiwa vya hadithi, lakini watoto hawajawahi kuazima kitabu cha kwenda nacho nyumbani. Nina hofu kwamba nikiviachia vitalowa njiani kwa mvua zetu hizi, au vitaishia jikoni kuwashia moto, na atakayeulizwa ni mimi. Naombeni utaratibu.

Mkutubi Mstaafu:
Mwalimu, pole na hongera. Kabla ya rejista, anza na mikono. Kipindi cha kwanza wanawe, kisha waonyeshe namna ya kufungua ukurasa kwa kushika pembe ya juu, bila kulamba kidole, na namna ya kuweka kipande cha karatasi pale walipoishia badala ya kukunja ukurasa. Kipindi kinachofuata, kila mtoto awe na kibao chembamba chenye jina lake. Anapochomoa kitabu, kibao kinabaki palepale kwenye rafu, ili akighairi ajue pa kukirudisha.

Kuhusu kuazima kwenyewe, gundisha mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma na utie humo kadi yenye jina na namba ya kitabu. Mtoto akiazima, kadi inatoka kitabuni na kuingia kwenye bahasha yenye jina lake, bahasha inapangwa kisandukuni kwa kufuata tarehe ya kurudisha, na tarehe hiyohiyo inapigwa muhuri kitabuni. Akirudisha, aone kwa macho yake kadi ikirudi mahali pake. Usimfutie deni akiwa hayupo, hata kama una haraka.

Kamwene wa Mafinga:
Mnanikumbusha mbali. Shuleni kwetu Mufindi vitabu vilifungiwa katika kabati la mwalimu mkuu na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Tulimaliza darasa la saba vikiwa bado vinanukia upya, na wasomaji wake wakubwa walikuwa panya, ambao nao hawakurudisha kitu.

Mama wa Uyole:
Tatizo si kadi wala kibao. Mtoto ambaye nyumbani haambiwi kurudisha hata sahani ya jirani hawezi kurudisha kitabu cha shule. Wazazi tumeshika simu, kisha tunataka mwalimu atulelee.

Mkutubi Mstaafu:
Dada, hilo lina mjadala wake. Mwalimu, kuna jambo hujalisema: wazazi mmewaambia nini kuhusu kitabu kitakachopotea?

Mwalimu wa Rungwe:
Sikulitaja kwa sababu si swali langu.

Mkutubi Mstaafu:
Ndilo swali lako, mwalimu. Tueleze.

Mwalimu wa Rungwe:
Tumeweka dhamana ya shilingi 2,000 kwa kila mtoto, atakayorudishiwa akimaliza shule. Wazazi kadhaa wameshalipa na stakabadhi wamepewa. Si ada, wala hatumfukuzi mtu. Ambaye hajalipa anasomea mlemle maktabani wakati wa mapumziko. Kitu kisichogharimu huwa hakitunzwi, na sioni kosa hapo.

Mzee wa Waraka:
Mwalimu, soma Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada na michango ya lazima katika shule za umma kuanzia Januari 2016. Unaweza kuiita dhamana, lakini ikiwa asiyetoa hapewi kitabu, basi ni mchango wa lazima. Ruzuku ya uendeshaji ipo, na sehemu yake ni ya vitabu. Tena anayeshindwa kutoa 2,000 ndiye hasa ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja.

Mwalimu wa Rungwe:
Nimekusikia mzee wangu, lakini ruzuku haifidii kitabu kilichopotea, na kamati ya shule iliafiki. Siwezi kuwaambia leo wazazi waliolipa kwamba walilipa bure.

Mtoto wa Chunya:
Wakubwa, nina mashaka. Akaunti imefunguliwa juzi, shule ya kijijini ina maktaba, na kamati ya shule imekaa ikajadili vitabu vya hadithi. Hili ni andiko la mradi linalotafuta wafadhili. Kesho tutapewa namba ya kutuma michango.

Kamwene wa Mafinga:
Hata mimi nilianza kusikia harufu ya semina na posho.

Mwalimu wa Rungwe:
Sijaomba hela ya mtu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe. Rafu ni mbao za mlingoti ambazo fundi alizileta mbichi, sasa zimepinda katikati, na vitabu vya safu ya chini vimeota ukungu kwenye migongo kwa sababu ukuta wa upande ule haukauki kuanzia Novemba mpaka Mei. Mwenye kuandika mradi angejitungia chumba kizuri zaidi.

Mama wa Uyole:
Ukungu wa huko kwenu Tukuyu nauamini. Mwalimu, mtoto ashone mfuko wa kiroba wa kubebea kitabu, maana mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku tangu Juni 2019.

Mkutubi Mstaafu:
Wazo zuri, na ashone mwenyewe darasani. Vitabu vya chini vipandishe leo, uvifute kwa kitambaa kikavu na uviache wazi penye upepo, si juani. Kuhusu dhamana, badala ya fedha, mtoto aliyepoteza aje na mzazi wakae na wewe. Wengi watakipata chini ya godoro kabla ya siku hiyo.

Mwalimu wa Rungwe:
Mifuko nitaanza nayo wiki ijayo. Dhamana inabaki mpaka kikao cha walimu. Muhuri wa tarehe unapatikana wapi Mbeya mjini?

Mtoto wa Chunya:
Maduka ya vifaa vya ofisi, hata pale karibu na stendi kuu. Omba na wino wake, na usisahau risiti, kamati itakuuliza.