Mjadala: Mkazi wa bondeni anapohamishwa, alipwe nini?

Ndugu wachangiaji, kila masika yanapokaribia na Mamlaka ya Hali ya Hewa kutoa tahadhari ya mvua kubwa, suala la wakazi wa Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam huibuka upya, na watu hugawanyika pande zilezile mbili. Wapo wanaosema kwamba aliyejenga Jangwani, Kigogo, Mkwajuni au Hananasif alijitakia, hivyo aondolewe bila kulipwa hata senti, kwa kuwa kumlipa aliyevunja sheria ni kuwakaribisha wengine wafanye vivyo hivyo. Wengine wanasema anastahili fidia kamili, nyumba na ardhi. Mimi naungana na hao wa pili, ingawa nakubali bila kusita kwamba bonde lile lazima liachwe wazi, na mapema.

Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Lakini nyumba nyingi za bondeni ni za zamani kuliko sheria hiyo, na hata zilizofuata hazikujengwa kwa kificho. Muuzaji na mnunuzi walikaa mbele ya mjumbe, mkataba wa mauziano ukagongwa mhuri wa serikali ya mtaa, nguzo za umeme zikasimikwa, na baadaye kodi ya jengo ikadaiwa na kulipwa. Dola iliyopokea kodi ya nyumba kwa miaka mingi haina haki ya kumwita mwenye nyumba hiyo mvamizi siku inapomhitaji aondoke.

Wanaodhani kwamba watu hawa hawajui hatari inayowakabili wapite huko siku ya kiangazi wakaangalie nyumba zenyewe. Mbele ya mlango utakuta kijukuta cha tofali kilichojengwa ili maji yasiingie, ndani vitanda vimeinuliwa juu ya tofali, na ukutani alama za tope zimepangana, kila mwaka wa mafuriko na mstari wake. Wanaijua hatari kuliko sisi tunaowahukumu. Wanabaki kwa sababu Kariakoo ni mwendo wa miguu, na mama anayenunua samaki alfajiri ili akaange na kuuza jioni hana nauli ya kutoka mbali kila siku.

Hilo ndilo lililoonekana baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua takriban watu 40 jijini. Serikali iligawa viwanja Mabwepande, upande wa Bunju, nje kabisa ya mji. Nia ilikuwa njema, lakini kiwanja kilikuwa mbali na riziki, na wapo waliokiuza wakarudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa, nyumba zikawekewa alama ya X na kuangushwa, nayo pia haikumaliza tatizo. Kwa hiyo hoja kwamba fidia huwavutia wavamizi haina ushahidi tuliouona. Tulichokiona ni kwamba kumwondoa mtu bila kumwezesha kuishi kwingine humrudisha palepale.

Linganisheni na Hanang, mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima ilimeguka baada ya mvua, tope na mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Serikali iliwajengea waathirika nyumba mpya Waret, na ilifanya jambo la haki. Najua maporomoko yale hayakutarajiwa, ilhali Msimbazi hufurika mara kwa mara, na atakayetaka kunipinga atashika hapo. Lakini kama hatari ya Msimbazi ilijulikana siku zote, basi ilijulikana pia kwa waliogonga mihuri na kukusanya kodi, na mzigo hauwezi kumwangukia mkazi peke yake.

Tusisahau pia kwamba maji hayo hayaanzii Jangwani. Mto unatoka milima ya Pugu, unapokea mito midogo ya Sinza na Ubungo, na unabeba mchanga na taka za mji mzima hadi chini ya daraja la Jangwani, ambako kina kinajaa na maji hupanda juu ya Barabara ya Morogoro. Mradi wa kuendeleza bonde hilo, uliopatiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, utafaa tu iwapo huko juu nako kutadhibitiwa.

Kuna kundi moja ambalo sijaona upande wowote ukilitetea, nalo ni wapangaji. Fidia inapotajwa, anayehesabiwa ni mwenye nyumba, ilhali chumba kinachojaa maji mara nyingi kina mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akiondolewa mwezi wa pili hana wa kumdai. Pendekezo langu ni kwamba mpangaji naye aandikishwe siku ya tathmini, na arejeshewe kodi ya miezi iliyobaki pamoja na gharama ya kuhama, kabla mwenye nyumba hajakabidhiwa malipo yake. Wanaopinga fidia, naomba mnijibu hasa kuhusu huyu: yeye alivunja sheria gani?