Kebo imechomoka, programu ya OPC inasema data nzuri! Huu ni uhuni

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Kazini tunatumia programu ya OPC (kiwango cha kubadilishana data za mitambo) kusoma PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, kwa Modbus TCP (lugha ya mawasiliano ya vifaa hivyo kupitia mtandao), na kupeleka data chumba cha kuongozea mitambo. Juzi presha ya boila ilikaa bar 6.2 bila kutikisika. Boila gani inayofanya kazi presha yake haichezi hata nukta? Nikashuka kwenye paneli, nikakuta kebo ya mtandao imechomoka. Kurudi kwenye kompyuta: thamani 6.2, ubora 192, na saa ya data inasonga sekunde kwa sekunde. Kwa OPC, 192 maana yake data ni nzuri, iamini. Kifaa hakipatikani, na programu inanihakikishia mambo shwari!

Na msiniambie viwango vya OPC vilisahau hali hii. Kila data ya OPC inakuja na thamani, ubora na muda. Kwenye ubora ipo namba 24: mawasiliano yamekatika. Ipo hata 20: mawasiliano yamekatika, ila hii ndiyo thamani ya mwisho tuliyoipata. Yaani hali hii hasa ina namba yake! Modbus yenyewe ni ya 1979, inatoa namba tupu, haijui ubora. Kusema "kifaa hakijibu" ni kazi ya hii programu, na ndiyo tuliyoilipia.

Nikawaandikia wauzaji. Kwanza wakaniambia nizime ulinzi wa Windows (ndilo jibu lao la kila kitu, tangu enzi za DCOM, ile njia ya zamani ya Windows ambayo OPC ilitumia kupitisha data kati ya kompyuta). Halafu niongeze muda wa kusubiri jibu. Nilipowabana, wakasema wamefanya makusudi, eti wateja hawapendi grafu zinazokatika. Grafu! Opereta anafungua na kufunga valvu kwa kuangalia ile namba. Alamu ya kwenye skrini inasoma namba hiyo hiyo, na ikiganda kwenye 6.2 hailii hata presha ipande vipi.

Na hapo sijagusa kero zao nyingine: leseni ya kuhesabiwa kwa tagi (kila kipimo unachosoma), wala desimali zinazosomeka vurugu mpaka ugeuze mwenyewe mpangilio wa rejista (visanduku vya namba ndani ya PLC).

Mnaotumia programu za namna hii, chomoeni kebo kwenye PLC ya majaribio, si kwenye mtambo unaotembea, muone ubora unasoma ngapi. Ukibaki 192, weka hapa toleo ulilonalo na mipangilio yako. Nawarudia wale jamaa, na safari hii siendi na malalamiko ya mtu mmoja.