Njia za msituni na magari ya 4x4: tunaingiaje kwenye mpango kabla haujapitishwa?

Kamba_na_Winchi
Wadau habari zenu. Sisi ni kikundi cha watu wa 4x4 hapa Nairobi, Land Cruiser za zamani, Jimny, Patrol, na wikendi tunapanda upande wa Kinangop kuzunguka njia za msitu wa Aberdare, tunalipa getini, tunapiga kambi, tunarudi na takataka zetu. Juzi tumekuta njia moja imelazwa gogo na bango la kufungwa, renja akasema mpango wa usimamizi wa msitu unaandikwa upya na vikao na watu wa CFA, yaani chama cha wananchi wanaotunza msitu, vimeshaanza. Kuna wenzangu wanataka twende na barua ya wakili moja kwa moja, mimi naona tukae kwenye hivyo vikao kama watumiaji wengine wa msitu. Swali ni hili, mtu anayeishi Nairobi anaingilia wapi? Na akifika aseme nini, maana "tunapenda kuendesha" si hoja ya kumshawishi mtu anayetegemea huo msitu kwa kuni na maji.

Nyakio_Kinangop
Ndugu barua ya wakili iacheni kwanza, mkianza nayo kila mlango utafungwa. Mimi niko kwenye CFA huku, na CFA ni vikundi ndani ya kikundi: kuna wafuga nyuki, wanaolisha ng'ombe, kina mama wa kuni, wa miche, wale wa PELIS, mpango wa kulima ndani ya msitu, wanaolima viazi katikati ya miti michanga, na sehemu zingine kuna kikundi cha utalii. Hapo kwa utalii ndipo mnaweza kukaa. Ongeeni na mwenyekiti pamoja na foresta, yaani afisa wa msitu, wa stesheni kabla ya kikao, si siku ya kikao.

Sasa niwaambie kinachotuuma. Mvua ndefu ikianza Machi mpaka Mei hiyo barabara ni udongo mwororo, gari zito lenye tairi za matope likipita linachimba mifereji miwili, mvua inayofuata maji hayaendi tena pembeni yanafuata mfereji, unazidi kwenda chini na udongo wote unaishia mtoni. Bwawa la Sasumua liko huku huku na hayo maji mnayanywa nyinyi Nairobi! Halafu mkienda zenu sisi tunabaki na viazi ndani, trekta haipiti, punda anavunjika mguu. Kwa hiyo mkija kikaoni mkasema njia fulani ifungwe kwa magari miezi ya mvua na nyinyi wenyewe ndio mmependekeza, watu watainua vichwa wawasikilize.

Mzee_Ramani
Naongezea upande wa sheria. Kwanza jueni mko kwenye ardhi ya nani, Aberdare ina hifadhi ya taifa iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na ina msitu wa serikali ulio chini ya KFS, shirika la misitu, ni wakubwa wawili na sheria mbili, nimeona watu wakipeleka malalamiko ofisi isiyohusika wanazungushwa mpaka wanachoka. Msitu unafuata sheria ya misitu ya 2016. Sheria hiyo hairuhusu mtu kuwa msituni kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi bila kibali, ila kama anatumia barabara au njia inayotambulika, au yuko kwenye shughuli kama burudani na utafiti. Hilo neno "inayotambulika" lishikeni. Kama njia yenu haiko kwenye ramani ya mpango basi hata isipofungwa hamna mahali pa kusimama.

Ombeni rasimu ya mpango na ramani yake kwa maandishi. Katiba kifungu cha 35 inawapa haki ya habari, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Kifungu cha 69 cha Katiba nacho kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki kutunza mazingira, na wananchi si wale wa kijiji cha karibu peke yao, lakini wa karibu ndio wanaoumia kwanza kwa hiyo msiingie kwa kifua.

Mkenya_wa_Colorado
Huku Marekani haya mambo yamepiganiwa miaka mingi. Tangu 1972 kulikuwa na amri ya Rais Nixon kwamba njia za magari ya porini zipangwe kwa kupunguza madhara kwa udongo, wanyama na watumiaji wengine, kisha 2005 ikaja kanuni kwamba kila msitu wa taifa utoe ramani ya njia zilizo wazi kwa magari. Ramani ni ya bure, kila barabara ina namba, na isiyokuwepo imefungwa hata kama haina geti. Kwenye miradi mingi ya msitu ukikaa kimya wakati wa maoni huwezi kuja kupinga uamuzi mwishoni, unaambiwa hukusema. Na barua mia zenye maneno yale yale hazisaidii kitu, barua moja inayosema njia namba fulani kutoka daraja mpaka kilima ina maji yanayosimama hapa na inaweza kukwepeshwa hivi, hiyo ndiyo inayojibiwa. Anzeni kurekodi njia zenu kwa GPS leo.

Kamba_na_Winchi
Asanteni sana, mzee hilo la "inayotambulika" nalipeleka kwa wenzangu usiku huu. Kuna mmoja anasema tuwakumbushe kuhusu Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini, kwamba watu wa 4x4 wamekimbia tangu 1989 wakichanga pesa na ule uzio wa umeme wa Aberdare wa karibu kilomita 400 ukakamilika 2009. Ni jambo la kujivunia kweli. Dada Nyakio unaonaje, tuliseme kikaoni?

Nyakio_Kinangop
Lisemeni mara moja mpite, uzio tunaujua, umetuokoa na ndovu mashambani. Lakini wazee watauliza kuhusu barabara ya mwaka huu. Leteni hizo njia za GPS zimechapishwa kwenye karatasi kubwa, wengi hawatazami ramani kwa simu, na muweke alama pale panapotuama maji. Kuna kalvati moja imeziba karibu na kitalu cha miche, mkija na majembe na winchi siku moja kabla, foresta akikubali tutaizibua pamoja kisha tuingie kikaoni.

Kamba_na_Winchi
Tunakuja. Naomba jina la hiyo kalvati inbox ama ni upande gani wa kitalu, tujue tubebe mnyororo wa urefu gani.

Nyakio_Kinangop
Upande wa chini, pale barabara inapokata kona. Bebeni mrefu.