Tupeane uzoefu: mito na misitu ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa

Mleta mada: Wadau mnaoijua milima hii, mwageni ujuzi. Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua. Tupeni vipimo na sababu; "kuwa makini" peke yake haimsaidii mtu.

Mkaa Mtoni: Kiangazi, mto Gardon ni vidimbwi maangavu kati ya kokoto, mtoto anavuka. Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba mambo hugeuka. Upepo wa kusini huleta hewa ya joto yenye unyevu kutoka Mediterania. Ikigonga milima hupanda, hupoa, na mvua ya radi hung'ang'ania mahali pamoja kwa saa nyingi. Mwamba ni shisti na graniti, hainywi maji, na miteremko ni mikali. Septemba 2002 mji wa Anduze ulipata karibu milimita 690 ndani ya saa 24.

Hema lisikae juu ya kokoto hata kama mbingu haina wingu, kwa sababu mvua huweza kunyesha kileleni huku ulipo hakuna tone. Tazama majani na vijiti vilivyonasa kwenye matawi ya kando: maji yaliwahi kufika hapo, lala juu zaidi. Ramani ya tahadhari ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, ikiwa ya chungwa au nyekundu, usishuke bondeni. Maji yakianza kuwa ya tope, panda kwa miguu upande uleule ulipo. Usivuke kufuata gari. Maji ya sentimita 30 yaendayo kasi hulisukuma. Simu ya dharura ni 112.

Mlinda Miti: Msitu wa Mlima Aigoual sehemu kubwa umepandwa. Karne ya 19 kondoo na wakata kuni waliuacha mlima uchi, udongo ukajaa mitoni. Georges Fabre, bwana misitu, akaanza kuupanda upya miaka ya 1870, akisaidiana na mtaalamu wa mimea Charles Flahault kujaribu aina za miti. Lakini tusidanganyane: mizizi hushika udongo na kupunguza kasi, haimezi milimita 600. Hatari zaidi ni misonobari ya pwani iliyopandwa kwa nguzo za migodi. Inajisambaza yenyewe na kuwaka upesi, na mteremko ulioungua Agosti hupokea mvua ya Septemba bila kinga.

Fundi Mawe: Huku chini, kwenye michestinati (miti ya karanga za chestnut), kinachoshika udongo ni matuta ya kuta za mawe. Usitie saruji! Maji yakikosa pa kutokea, ukuta hutoa tumbo kisha huanguka wote kwa mkupuo. Mawe makubwa yakae chini, kwenye udongo mgumu. Kila jiwe lifunike ungio la mawili ya chini yake, ukuta uegemee mlimani sentimita 10 hadi 15 kwa kila mita ya kimo, na mgongoni ujaze kokoto, si udongo.

Mleta mada: Na mitaro ya juu ya matuta?

Fundi Mawe: Izibue Agosti, kisha urudie majani yanapopukutika. Mtaro mmoja ukiziba, maji yote hushukia ukuta mmoja.