Nembo ya duka la wanasesere Kisumu: kwenye lebo sura inageuka doa

MshonajiKibuye: Hamjambo. Duka letu la wanasesere wa kitambaa liko karibu na soko la Kibuye, na chumba cha nyuma tunakifanya makumbusho madogo ya wanasesere wa zamani. Nembo ni sura ya mtoto mwenye misuko, rangi sita, imechorwa kwa brashi kisha ikapigwa picha. Kwenye bango, sura ikiwa sentimita 40, inapendeza. Kwenye lebo ya kudarizi ya milimita 20, macho na kope vimeungana vikawa doa. Tubadilishe fundi au mchoro? Na makumbusho yapewe nembo yake?

UziNaSindano: Fundi hana kosa, dada. Kutoka sentimita 40 hadi milimita 20 umepunguza mara 20. Ukope wa milimita 4 bangoni unabaki milimita 0.2, na uzi wa kudarizi wenyewe una takriban milimita 0.4. Mishono inarundikana mahali pamoja, kitambaa kinavutwa, nyuzi zinavimba. Mstari usipungue milimita 1, herufi zisipungue kimo cha milimita 5. Ukitaka ndogo zaidi, agiza lebo ya kufumwa au utepe wa satini uliochapwa.

Anza kuchora lebo, bango lifuate. Ondoa uso. Bakiza kivuli cha kichwa kikubwa chenye vifundo vitatu vya nywele na shingo fupi. Mwanasesere hutambulika kwa umbo hilo kabla hujamwona macho. Ukiyapenda macho, weka vifungo viwili vya milimita 2. Kisha ichape kwa milimita 8, nyeusi tupu kwenye karatasi nyeupe, umwonyeshe mtu asiyelijua duka. Akisema ni ua, chora tena.

Na ichorwe upya kwa mkono katika vekta, yaani mchoro wa kompyuta wa mistari unaokuzwa au kupunguzwa bila kuharibika. Programu ikiigeuza picha kuwa vekta yenyewe huacha mamia ya nukta ukingoni, na mashine ya kudarizi hufuata kila moja. Dai faili la SVG au PDF.

RangiZaZiwa: Rangi sita ni nyingi mno. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake, na kila fremu unailipia. Mbili zatosha.

Bangoni, wino wa magenta na wa njano hufifia kabla ya samawati na nyeusi, kwa hiyo mashavu ya waridi yatapauka kwa jua hili la Ikweta. Tumia vinaili ya kukatwa, ambayo rangi imo ndani yake, au weka laminesheni, utando wa plastiki, ya kuzuia miale ya UV ya jua. Waridi kali yenye herufi za mwandiko iache kabisa: mteja ataona Barbie, na Mattel, kampuni inayomtengeneza, huilinda alama yake.

KabatiLaKioo: Makumbusho yatumie kivuli kilekile, jina tofauti chini, rangi moja. Kwenye vibao vya maelezo usiweke nembo. Mgeni amekuja kumtazama mwanasesere. Herufi pointi 24, karatasi isiyong'aa.

Kabla ya kuchapa chochote, tafuta KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, kama kuna alama inayofanana. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: wanasesere ni daraja la 28, duka 35, makumbusho 41. Usajili hudumu miaka 10, kisha unahuishwa. Neno "Wanasesere" peke yake linataja bidhaa tu, usitegemee kulimiliki.

MshonajiKibuye: Asanteni sana. Gauni la mwanasesere ni la kitenge. Nembo niidarizi moja kwa moja juu yake?

UziNaSindano: Hapana, maua ya kitenge yatakimeza kivuli. Darizi kwenye kipande cha kaniki au marikani, acha ukingo wa milimita 3 pande zote, ndipo ukishone kwenye gauni.